Malimbuko ya Magunia Saba

Sisi watu wa pwani tunalo neno zuri ambalo siku hizi linasikika kwa nadra: malimbuko. Embe la kwanza la msimu, mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa tukapata pepeta, mahindi mabichi ya mwanzo kutoka shambani, hayo yote ni malimbuko, na mwenye kuyaonja kwa mara ya kwanza katika mwaka husemwa amelimbuka. Zamani haikuwa adabu mtu kulimbuka peke yake. Sahani ilitoka kwanza ikaenda kwa wazee, kwa mwalimu wa chuo na kwa jirani, ndipo wenye nyumba wakala. Lakini wengi wetu mjini Mombasa sasa tunanunua unga dukani, nao unga wa pakiti hauna malimbuko. Ule wa Januari ni sawa na ule wa Novemba.

Neno hili nililikuta tena mahali ambapo sikulitazamia, mbali kabisa na bahari. Nililikuta Nakuru, mwezi wa Novemba 2023, nilipokwenda kumtazama mdogo wangu. Yeye aliolewa huko zamani, akaishi na mumewe mtaa wa Bondeni, ambao ni mtaa wa kale wenye Waislamu wengi. Mumewe alifariki mwaka 2021. Alimwachia watoto watatu na shamba la ekari moja nje ya mji, upande wa Rongai. Si Rongai ile ya Nairobi, bali hii ya Nakuru. Mdogo wangu, mtoto wa Mji wa Kale aliyekua hajui jembe, akageuka mkulima.

Nilimkuta uani, amekaa juu ya kigoda mbele ya turubai lililotandazwa mahindi. Kando yake palikuwa na mizani ya kukodi. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za nyumbani, aliniambia, "Dada, umekuja siku ya hesabu."

Mji na mavuno yake

Kwa msomaji ambaye hajafika, Nakuru iko katikati ya Bonde la Ufa, kiasi cha kilomita 160 kutoka Nairobi. Kaskazini yake ni mlima Menengai wenye shimo kubwa la volkano, na kusini ni ziwa lenye sifa ya ndege heroe. Reli ilifika hapo mwaka 1900, na tarehe 1 Desemba 2021 mji huo ulipewa hadhi ya jiji. Uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,850 hivi. Kwa hiyo asubuhi ya Novemba mtu wa Mombasa hutoka nje amejifunga shuka juu ya buibui, na watu wakamcheka.

Baridi hiyo ndiyo inayoyafanya mahindi ya huko yasiwe na haraka. Kwetu pwani mahindi huwa tayari kwa miezi mitatu au minne. Nakuru, mbegu za nyanda za juu kama ile H614 iliyotoka Kitale hupandwa Machi au Aprili, na mavuno huwa Oktoba hadi Desemba. Mabua hukatwa yakasimamishwa shambani mafungu mafungu, yakaegemeana mfano wa vibanda vidogo, ili mahindi yakaukie humo. Mtu akipita kwa gari kutoka Njoro mpaka Rongai huona mashamba mazima yamejaa vibanda hivyo, kana kwamba kijiji cha watu wafupi kimehamia hapo usiku.

Kisha mahindi huchambuliwa maganda, yakapukuchuliwa, yakaanikwa juani mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kipimo hicho si cha kupuuzwa. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu huweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya. Mkulima anayeanika vizuri anajilinda yeye na kila atakayekula chakula chake.

Mwaka huo 2023 kuanika kulikuwa taabu. Mvua za El Niño, zile zile zilizofurika Mombasa na Tana River, zilinyesha Nakuru wakati wa mavuno. Mdogo wangu alikuwa amewahi. Aliyaleta mahindi yake nyumbani kabla mvua haijakaza. Wengine hawakuwahi, na miongoni mwao alikuwa jirani yake wa shambani, bibi mmoja wa Kikikuyu ambaye watu wote humwita Shosho. Vibanda vyake vya mabua vililowa wiki baada ya wiki. Alipovifungua alikuta punje nyeusi na nyingine zimeota.

Shukrani za watu mbalimbali

Novemba ni mwezi wa shukrani sehemu nyingi. Wamarekani wana siku yao, Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Rais Abraham Lincoln alitangaza sikukuu ya taifa zima mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaithibitisha Alhamisi hiyo ya nne. Hula bata mzinga, maboga na mahindi, na hukumbuka karamu ya mwaka 1621 huko Plymouth, ambapo wahamiaji wa Kiingereza walikula pamoja na wenyeji, Wawampanoag, waliokuwa wamewafundisha kulima mahindi. Si wote wanaoisherehekea kwa furaha. Tangu mwaka 1970 kuna wenyeji wa asili wanaokutana Plymouth siku hiyo kuomboleza ardhi na watu wao waliopotea.

Nataja habari hiyo kwa kuwa mahindi yenyewe asili yake ni Mexico. Yalivuka bahari katika meli za Wazungu baada ya mwaka 1492, yakaja mpaka kwetu, na sisi tukayapa jina linaloelekea India. Basi sima yetu na karamu yao ni ndugu wa mbali.

Nakuru nayo ina shukrani zake. Katika Jumapili za mavuno, makanisa mengi hupokea magunia ya mahindi, viazi, kabichi, kuku na hata mbuzi. Vitu hivyo huwekwa mbele, huombewa, kisha hunadiwa, na fedha hutumika kwa kazi za kanisa na kwa wenye shida.

Kabla ya makanisa palikuwa na desturi za kale. Wanandi, ambao ni jamaa wa Wakipsigis na Watugen wanaokaa pande hizo za Bonde la Ufa, walikuwa na kipsunde, sherehe ya wimbi jipya. A. C. Hollis, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1909. Mwenye shamba alikwenda na binti zake, wakawasha moto wa matawi, wakachuma wimbi kidogo. Kila mmoja alichomeka punje moja katika mkufu wake, na nyingine akaitafuna akajipaka kwenye paji la uso, kooni na kifuani. Lililonistaajabisha ni kwamba hawakuonyesha furaha wakati huo. Walivuna kikapu cha kwanza kwa huzuni, na furaha ikaja baadaye, uji wa wimbi jipya ulipopikwa na kuchanganywa na maziwa. Nadhani walijua kwamba chakula kilicho mkononi bado hakijafika tumboni, na kwamba mtu asijigambe mbele ya neema.

Sisi Waislamu shukrani yetu ya mavuno ina hesabu. Katika Suratul An'am, aya ya 141, tumeamrishwa kutoa haki ya mazao siku ya kuyavuna. Shamba linalonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja katika kumi. Linalonyweshwa kwa gharama na kazi hutolewa moja katika ishirini. Lakini wajibu huo una kiwango chake: wasaki tano, yaani pishi 300, ambazo mashekhe wengi wa leo hukadiria kuwa kama kilo 653 za nafaka kavu iliyosafishwa. Chini ya hapo mtu halazimiki.

Hiyo ndiyo hesabu mdogo wangu aliyokuwa akiifanya pale uani.

Magunia saba

Tulipima mpaka adhuhuri. Mtoto wake mkubwa, kijana wa sekondari, alibeba na kuandika. Gunia moja, kilo 90. La pili, kilo 90. Tulipomaliza yalikuwa magunia saba kamili, kilo 630, na punje chache za kuku. Zilipungua kilo 23.

Mdogo wangu hakusema kitu. Alichukua simu akampigia sheikh mmoja wa mtaani anayemwamini, akamweleza kila jambo. Alimwambia hata kuhusu mahindi mabichi waliyoyachoma Agosti, maana aliogopa yasije yakawa ndiyo zile kilo zilizopungua. Sheikh alimjibu kwamba yaliyoliwa mabichi kabla punje haijakomaa hayaingii hesabuni, na kwamba hana zaka mwaka huo. Akamuombea baraka.

Kijana alishusha pumzi. Karo ya Januari ilikuwa ikimngojea, naye alijua bei ya gunia na alikwisha kuzidisha kichwani. Alisema kwa adabu, "Basi Mama, tunaweza kuyauza matano, tukabakisha mawili ya kula."

Mama yake akamjibu, "Tutauza, mwanangu. Lakini kwanza nitolee sehemu moja katika kumi."

"Sheikh amesema si wajibu."

"Nimemsikia. Wajibu ungekuwa ni deni, nami ningelipa nikanyamaza. Hii nataka kumshukuru Mungu kwa kuwa mvua haikunikuta shambani."

Kijana alinitazama mimi, pengine akitaraji shangazi yake wa pwani atamtetea. Wallahi nilitaka kumtetea. Kilo 63 si kitu kidogo kwa mjane, na ada ya shule haipokei shukrani. Lakini nilimkumbuka mama yetu, aliyekuwa akitoa sahani ya pepeta huku sufuria imebaki nusu, nikanyamaza.

Kijana akafungua gunia lililokuwa karibu na ukuta. Mama yake akamzuia. Gunia lile lilikuwa na punje zilizovunjika na zenye vidonda vya wadudu. "Fungua lile la katikati," akasema. Lile la katikati ndilo lilikuwa zuri kuliko yote. Tumefundishwa katika Suratul Baqara tusikusudie kutoa kibaya ambacho wenyewe tukipewa tungekipokea kwa kufumba macho. Kijana akalifungua la katikati.

Mapishi ya msimu

Nakuru katika mwezi huo ni mahali pa kula, na msomaji hatanisamehe nikipita bila kueleza.

Chakula kikuu cha Wakikuyu ni githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mtu wa pwani asishangae, kwani hicho ni ndugu wa pure yetu. Tofauti ni kwamba sisi aghalabu hutia tui la nazi, wao hukaanga kwa kitunguu, nyanya na viazi. Githeri likipondwa pamoja na viazi na majani ya maboga huwa mukimo, chakula cha rangi ya kijani kinachopikwa harusini na kwenye kila shughuli ya heshima. Namna yake ni hii: chemsha mahindi mabichi vikombe viwili mpaka yaive. Tia viazi kumi vilivyomenywa na fungu moja la majani ya maboga yaliyotolewa nyuzi na kukatwa. Viazi vikilainika, mwaga maji ila kidogo, tia chumvi, ponda kwa mwiko mzito mpaka vishikane. Kaanga kitunguu pembeni, uchanganye. Kula na kitoweo cha nyama.

Kuna pia njahi, fiwi nyeusi zenye mstari mweupe mgongoni, ambazo Wakikuyu humpa mzazi aliyejifungua kama sisi tunavyompa uji wa pilipili manga. Heshima yake ni kubwa hata mvua ndefu za mwaka wakaziita mvua za njahi.

Kwa majirani Wakalenjin tulipata mursik. Kibuyu husafishwa kwa kijiti kilichochomwa kikawa kaa, ndani kikapakwa makaa hayo, kisha maziwa yaliyochemshwa na kupozwa hutiwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka yagande. Hutoka yana rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Mara ya kwanza nilikunja uso; mara ya tatu niliomba mwenyewe. Huteremshwa na sima ya wimbi ambayo wao huiita kimyet.

Mimi nilikuwa nimebeba nazi tano kutoka Mombasa, basi nikapika maboga. Boga huko ni tele na rahisi. Kata vipande vyenye ganda, vichemshe kwa maji kidogo na chumvi kidogo. Vikiiva, tia tui zito la nazi mbili, sukari vijiko vinne na iliki iliyotwangwa. Acha moto mdogo mpaka tui lishike, wala usikoroge sana, litakatika. Watoto walikomba sufuria.

Jambo moja lilinipendeza sana. Majirani wasio Waislamu wanapofanya karamu ya mavuno na kutaka kuwaalika watu wa Bondeni, humwita kijana Mwislamu aje kuchinja. Hawangoji kuombwa. Mbuzi huchinjwa kwa bismillahi, na wote wakala sahani moja bila mtu kuuliza swali.

Kazi za mikono

Mavuno huacha taka nyingi, na kwa mtoto taka hizo ni hazina. Magunzi hukatwa vipande vya mviringo yakawa magurudumu, yakachomekwa vijiti, na gari likatembea. Maganda nayo yana kazi bora zaidi, nami nitaieleza kama nilivyoiona, ili walio na mahindi mabichi hata kule Kongowea waijaribu.

Mwanasesere wa maganda hutengenezwa hivi. Chukua maganda ya ndani yaliyo laini, yaloweke kwenye maji dakika kumi ili yasipasuke. Panga matano au sita pamoja, uyafunge kwa uzi karibu na ncha moja. Yapindue maganda yaanguke upande wa pili yafunike fundo. Hapo umepata kichwa. Funga tena chini yake iwe shingo. Viringisha ganda jingine jembamba, lifunge ncha mbili, ulipitishe chini ya shingo liwe mikono. Funga kiuno. Ukitaka msichana, acha maganda yatanuke yawe gauni. Ukitaka mvulana, yagawe mawili ufunge miguu. Ndevu za mahindi ndizo nywele. Anika kivulini siku moja.

Watoto wa mdogo wangu hawakuwachora macho wala mdomo wanasesere wao. Hata wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, walio mabingwa wa kazi hii, wapo wanaoacha uso mtupu kwa desturi yao.

Mimi nami sikukaa bure. Niliyachana maganda nikasuka ukili kama wa mkeka, nikauzungusha na kuushona ukawa kata ya kuwekea chungu cha moto. Maganda hayana nguvu ya ukindu, lakini yanatii kidole. Binti mdogo alijifunza ukili wa kwanza maishani mwake kwa mahindi ya Rongai.

Kikapu cha Shosho

Sasa nirudi kwenye zile kilo 63. Nusu yake ilikwenda kwa nyumba moja ya mayatima pale pale Bondeni. Nusu ya pili mdogo wangu alikwisha kuikusudia.

Inampasa msomaji ajue kidogo ya nyuma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Nakuru iliwaka. Mnamo Januari 2008 watu waliuawa kwa ajili ya kabila zao, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru wakalala chini ya mahema. Shosho alikuwa mmoja wao. Ghala lake lilikuwa limetoka kujazwa mahindi, likateketea. Marehemu shemeji yangu alimtafuta humo mahemani, akawa akimpelekea chakula kila Ijumaa baada ya sala mpaka aliporudi kwake. Tangu mwaka huo, kila Novemba, Shosho huja Bondeni na kiondo cha githeri. Hakukosa hata mwaka aliofariki shemeji. Alikaa na mdogo wangu eda nzima, akija na kwenda.

Novemba 2023 hakuja. Mdogo wangu alijua sababu. Alijua pia kwamba mtu aliyezoea kuleta huona tabu sana kuletewa. Akimpelekea msaada, huenda Shosho akaupokea, lakini asikanyage tena Bondeni kwa haya.

"Na kama ningekuwa na zaka," akaniambia tukiwa njiani, "nisingeweza kumpa yeye." Kweli, wanazuoni wengi wamesema zaka ni ya Waislamu wanaostahiki, lakini sadaka ya hiari mlango wake ni mpana, jirani yeyote huingia. Zile kilo 23 zilizopungua ndizo zilizomfungulia njia ya kwa Shosho.

Tulikwenda na kijana amebeba mfuko, na juu yake tumeweka kikapu cha ukili nilichotoka nacho Mombasa, kimejaa punje safi zilizochaguliwa moja moja. Shosho alikuwa mlangoni. Alitupokea kwa furaha, akatukalisha, kisha akautazama mfuko na uso ukabadilika.

"Mama, hii ni nini?" akamwuliza mdogo wangu. "Mimi sijaomba kitu."

"Hujaomba, Shosho. Haya ni malimbuko. Kwetu pwani mavuno ya kwanza hayaliwi mpaka mkubwa ameonja. Mimi hapa sina mama wala mama mkwe. Mkubwa wangu ni wewe. Usipopokea, watoto hawatakula."

Shosho alinigeukia mimi. "Ni kweli hivyo kwenu?"

"Ni kweli, Mama," nikajibu. Wala sikusema uongo, ingawa ni miaka mingi tangu nilipoona mtu akiifanya.

Alikaa kimya. Kisha akatia mkono kikapuni, akachota punje, akazimwaga polepole kutoka mkono huu kwenda mkono huu, kama mtu anayeonja kwa vidole. Akasema maneno kwa Kikikuyu ambayo sikuyafahamu, na kijana aliyakwepesha macho yake yasionekane. Baadaye aliniambia Shosho alimwombea asome.

Tuliondoka bila kikapu, maana kwetu chombo cha malimbuko huachwa. Siku ya tatu, nikiwa nafunga mizigo ya kurudi, Shosho akabisha hodi Bondeni. Kikapu changu kilikuwa kichwani kwake. Ndani mlikuwa na wanasesere sita wa maganda, wazuri kuliko wote tuliotengeneza, wamevikwa vitambaa vya leso kuukuu. Mahindi yake yalioza, lakini maganda mengine yalikuwa mazima, na vidole vyake havikusahau. Alikaa mkekani mpaka alasiri akiwaonyesha watoto namna ya kufunga shingo isilegee.

Karo ilipungua, sitaki kumficha msomaji. Kijana alikwenda shule na nusu, na salio lilikwisha kulipwa Februari kwa tabu. Mdogo wangu hakujuta, wala hakusema kwamba alizidishiwa papo hapo, kama tupendavyo kusimulia. Alisema tu kwamba mahindi yaliyobaki aliyala kwa raha.

Ndugu msomaji, si lazima uwe na shamba Rongai. Embe la kwanza la Desemba likifika nyumbani, lipasue, kipande cha kwanza kipeleke ng'ambo ya ukuta. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mmoja wa wale wanasesere sita sasa umekaa juu ya kabati langu hapa Mombasa, na kila mgeni huniuliza umetoka wapi. Kikapu nacho kimerudi jikoni, kinangoja msimu.